Mashine Inayowaonea Haya Wageni

Reem aliponipigia simu nilikuwa nakaanga vibua. Nilimkabidhi mume wangu mwiko nikamwambia amalizie, naye akaniuliza samaki anageuzwa vipi. Mtu mzima, ndevu zimemjaa, hajui samaki anageuzwa vipi. Nikamwacha ajifunze.

"Imezira tena, Bi Kazija," alisema Reem. "Na safari hii mbele ya kadhi mstaafu. Kaja kuchukua halua ya hitima, kakaa kitako, hata kahawa hajamaliza, kengele ikalia, gesi ikajifunga. Baba kaninunia mpaka sasa."

"Nnakuja," nikamwambia. "Msiguse kitu."

Mashine hiyo niliifunga mimi. Nina diploma ya umeme wa viwandani, nina karakana yangu Jang'ombe, na wenye viwanda vya barafu na vya maji ya chupa kule Amani wakikwama wananiita mimi. Mashine yangu ikizira mbele ya kadhi, mji mzima unajua kabla sijafika nyumbani.

Duka la Bwana Ghanim liko Kiponda, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi. Babu yake alipika halua pale, baba yake akapika pale, na yeye pale pale. Zamani walikuwa na wasongaji wanne. Kusonga halua si mchezo: wanga, sukari na samli vikishaanza kushikana, mwiko unakuwa mzito kama unachimba barabara, na huruhusiwi kusimama. Wasongaji watatu wamekwenda zao Paje kufanya kazi za hoteli. Kubeba mabegi ya Wazungu ni kupumzika ukilinganisha na sufuria lile la shaba. Amebaki Mzee Msabah peke yake, na bega lake moja halipandi tena juu.

Reem ndiye mtoto pekee wa Bwana Ghanim aliyebaki Unguja. Ndiye aliyemshawishi baba yake kuweka mashine, na baba mtu alikubali kwa sharti. Ilikuwa inakuja harusi ya nyumba ya Bi Salhiya. Ukisema nyumba ya Bi Salhiya hapa mjini huna haja ya kuongeza neno. Wale hata msiba wao una utaratibu. Mashine ikipika halua ya harusi ile yote bila kuleta fedheha, Bwana Ghanim angempa Reem ufunguo wa duka, na duka liwe lake. Ikifedhehesha, mashine inauzwa, duka linakodishwa kwa bwana mmoja anayeuza sumaku za kubandika kwenye friji, na Reem anakwenda Maskati kumsaidia ami yake kuuza mabaibui.

"Mimi na mabaibui!" Reem aliniambia siku ile tuliyoanza kazi. "Bi Kazija, mimi hata la kwangu nnalivaa juu chini."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani. Harusi ilikuwa imekaribia, na mashine ilikuwa imezira mara tatu.

Nilifika nikamkuta Bwana Ghanim amekaa kwenye kiti chake mlangoni, kanzu nyeupe, kofia ya vito, uso umefungwa kama duka la Ijumaa.

"Karibu, fundi," alisema. "Kamtazame mgonjwa wako."

"Mgonjwa ana tabu gani?"

"Ana haya. Wakija watu wa maana anazimia."

Jikoni Mzee Msabah alikuwa amekaa kwenye kibao anashona kofia. Hiyo ndiyo kazi iliyombakia tangu mota ilipochukua mwiko wake: kutia samli, kutia iliki na zafarani, na kuiangalia mashine kwa jicho baya. Mwiko wa mashine ulikuwa unazunguka vizuri. Nikaangalia kila kitu. Kila kitu kilikuwa kizima.

Nieleze mashine yenyewe, maana si kubwa. Juu ya sufuria kuna mota inayozungusha mwiko wa chuma. Kwenye ncha ya mwiko kuna kipima joto, kimezama ndani ya halua. Kwa kuwa kinazunguka mchana kutwa, huwezi kukifunga waya. Ungejisokota kama nywele za bi harusi mpaka ukatike. Kwa hivyo nilikifungia redio ndogo kama kiberiti. Kila sekunde inapeleka habari: nina joto hili, nina joto hili. Habari hizo zinapokewa na kisanduku nilichokitundika dukani, upande wa pili wa ukuta, kwa sababu jikoni kuna mvuke na masizi, navyo huua vifaa haraka. Kisanduku kinasoma joto, kinaongeza au kinapunguza gesi.

Halafu nikakiwekea sharti langu mwenyewe. Mimi nimelea watoto watatu. Mtoto akiwa chumbani anapiga kelele, sina wasiwasi naye. Akinyamaza, siendi kumpongeza. Nakwenda mbio kuona amekamata nini. Kisanduku nilikifundisha hivyo hivyo: kipima joto kikinyamaza kidogo tu, usibahatishe, piga kengele na funga gesi. Mwiko uendelee kuzunguka, lakini moto hapana. Afadhali halua ipoe kuliko kuunguza nyumba ya mawe iliyobanana na nyumba nyingine mia.

Tatizo ni kwamba halua inayopoa katikati ya safari haisamehi. Wanga unajikusanya mabonge, samli inajitenga inaelea pembeni kama imegombana na wenzake. Ikishakuwa hivyo, unampa nani?

Sasa, kwa nini kipima joto kilikuwa kinanyamaza? Nilibadilisha betri. Nilibadilisha antena. Jirani amefungua nyumba ya wageni yenye Wi-Fi nne, nikashuku hizo zinagombania hewa na redio yangu, nikahamisha masafa. Niliutikisa mwiko, nikaumwagia mvuke, nikaupiga kofi. Kimya hakikutokea. Nilikaa mpaka halua ikaiva, ikamiminwa, na mashine haikukohoa hata mara moja.

"Unaona?" alisema Reem. Alikuwa ameshuka kutoka juu anakofungia vikapu vya halua, ukili umemganda kwenye mikono. "Ukiwapo wewe haizimi. Jana paka kaingia, haikuzima. Watoto wa jirani wamekuja kuomba kuramba mwiko, haikuzima. Kaja kadhi, imezima. Kaja imamu, imezima. Kaja mke wa daktari, imezima. Mimi nnasema jicho."

"Jicho la kadhi?"

"Watu wakubwa ndio wana macho, Bi Kazija."

Mzee Msabah hakuinua kichwa kwenye kofia yake. "Si jicho. Inachagua. Watu wa hivi hivi kama mimi na wewe haitujali."

"Mzee Msabah, mimi ndiye niliyeiweka hapa."

"Ndiyo. Ni kama wanao. Nao wanakujali?"

Nilimwacha na kofia yake. Nilipotoka Bwana Ghanim alinisindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote, akaniambia kwa upole: "Hata chuma kinajua heshima, Bi Kazija. Kinaona aibu kujifanya mpishi mbele ya watu wanaoijua halua."

Nikabeba bisibisi zangu nikaondoka haraka.

Jibu la mashine nilikuja kulipata kwa njia ya kipuuzi kabisa. Shoga yangu Mwanakheir alikuwa anaozesha Malindi, na shughuli za Mwanakheir huendi umevaa kama fundi. Nilitoa baibui jipya, nikavaa dhahabu zangu zote na nyingine za dada yangu, nikajifukiza udi mpaka mume wangu akauliza nakwenda kuolewa na nani. Na kwa sababu kulikuwa na vumbi na sikutaka wanja uharibike, nikashusha ninja. Yalibaki macho tu.

Nikiwa njiani nikakumbuka Reem alitaka betri za akiba, na zilikuwa mkobani. Nikakata kona Kiponda. Nikaingia dukani, sijasema hata salamu.

Bwana Ghanim alinyanyuka kama kuna springi chini ya kiti.

"Ahlan wa sahlan! Karibu, karibu bibi, pita, kaa hapa penye ubaridi!" Kwangu mimi! Mtu ambaye kila siku ananielekeza kwa kidole. Huku ananikaribisha kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi nyingine. Chini ya ukuta kulikuwa na sinia la shaba la marehemu mama yake, kubwa, lenye nakshi, unaweza kumlaza mtoto mchanga humo. Aliliinua bila hata kulitazama, akalisimamisha kwenye kidirisha.

Nilikuwa nakijua kidirisha hicho. Kiko katikati ya jikoni na duka, na ndicho wanachopitishia halua. Nilikuwa nakijua sana, kwa sababu ukuta wenyewe ni wa mawe na chokaa, mnene kama urefu wa mkono wangu, na redio ndogo kama kiberiti haiupenyi. Habari zote za kipima joto zilikuwa zinapita kwenye kidirisha. Sasa kilikuwa kimezibwa kwa shaba, chuma kitupu, kutoka ukingo hadi ukingo.

Nilikaa. Nikasubiri. Nyuma ya sinia, jikoni, nikasikia kitu kinagongagonga ukingo wa sufuria: ko, ko, ko, kama mtu anasonga kwa nguvu zake zote. Sekunde chache baadaye kengele ikalia.

"Ni saa ya jirani hiyo," alisema Bwana Ghanim, ananimiminia kahawa. "Haina adabu."

Nikainua ninja.

Kikombe kikajaa, kahawa ikafurika, naye bado anamimina.

"Bi Kazija?"

"Naam," nikasema. "Mimi, fundi. Ondoa sinia."

"Sinia limefanya nini?"

Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Mzee Msabah, mwiko wa zamani wa mti begani, uso unachuruzika maji. Alipoona ni mimi akasimama. Mkono wake mmoja ulikuwa na bakuli la maji, na vidole bado vimo ndani.

Nilicheka mpaka wanja wangu ukaharibika hata hivyo.

Reem aliposhuka mbio, kama kila mara kengele ikilia, nilimwonyesha. Sinia juu, kengele. Sinia chini, nabonyeza kitufe cha kisanduku, kimya na taa ya kijani. Sinia juu, kengele. Nikarudia mpaka Mzee Msabah akasema inatosha, kichwa kinamuuma.

"Hili sinia?" alisema Reem. "Lakini linawekwa pale tangu nizaliwe! Mgeni akija linawekwa."

Hilo ndilo lililotuficha sote. Pale kwao mgeni haonyeshwi jikoni. Mgeni apate kahawa, apate harufu, lakini asipigwe na mvuke na asione watu wanahangaika. Tangu enzi za babu, akiingia mtu wa kuheshimiwa, sinia linapanda kidirishani. Reem aliliona kila siku na kwa hivyo hakuliona. Mimi sikuliona kabisa, kwa sababu mimi si mgeni. Fundi, paka na watoto wa jirani hatupandishiwi sinia.

"Na maji haya usoni, Ami Msabah?" aliuliza Reem.

Mzee Msabah akamtazama Bwana Ghanim. Bwana Ghanim akaitazama dari.

"Watu wanapenda kuona mtu katoka jasho, wajue kuna anayesonga," alisema hatimaye. "Baba yangu akisonga mwenyewe. Wakisikia halua ya Ghanim inasongwa na umeme watasema nini?"

"Kwa hivyo ulikuwa unaificha," nikasema. "Unaificha, inazima, halafu unaniita mimi unaniambia ina haya."

"Sikujua sinia linaweza kuzima mashine! Halijaigusa!"

"Sasa unajua. Nivute waya basi. Redio iwe na kipokezi chake humo humo jikoni, karibu na sufuria, kwenye kisanduku kisichoingia mvuke. Kutoka hapo waya upite kidirishani mpaka huku. Panapozunguka tuachie hewa, pasipozunguka tutie waya. Hapo weka masinia yako mpaka mbinguni. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Waya unaotoka jikoni? Upite juu ya kichwa cha wageni? Watauliza wa nini."

"Nitoboe ukuta, basi."

"Ukuta wa babu! Na ruhusa ya kutoboa nyumba ya Mji Mkongwe unaipata leo?"

"Basi usiweke sinia."

Akalichukua sinia, akalipangusa kwa kiganja. Reem alikuwa amenyamaza, na nimeshasema mimi na watoto wanaonyamaza.

"Baba," alisema, sauti ndogo, "unataka nishindwe?"

"Astaghfirullah. Nani kasema?"

"Hujaniambia kama unaificha. Ungeniambia, tungejua toka mara ya kwanza. Unaionea haya mashine, au unanionea haya mimi?"

Bwana Ghanim alilitua sinia chini taratibu, kama lina mayai. "Halitapanda tena," alisema. "Mpaka harusi ipite. Nimekupa ahadi."

Nikaenda zangu kwa Mwanakheir, na wanja wangu shavuni.

Siku ya kupika halua ya harusi nilifunga karakana nikaenda kukaa Kiponda. Si kwamba sikuiamini ahadi ya Bwana Ghanim. Ni kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa na mazoea ya zamani kuliko ahadi.

Sufuria la kwanza likatoka, jekundu, linang'aa. La pili likatoka. Watu wakaja wakanunua wakaondoka, na kila akiingia mwenye kilemba au mkufu mzito, mkono ule unasogea, unafika ukingo wa sinia, unarudi mapajani. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nautazama kama mtu anayetazama mpira.

"Acha kunitazama mkono, Bi Kazija."

"Nautazama ukuta."

Sufuria la mwisho lilikuwa ndilo lenyewe: la meza kuu, lozi nyingi, zafarani iliyoagizwa mbali. Lilikuwa limeshaanza kushikana, pale pabaya ambapo huachi moto, kichochoro kilipojaa manukato. Akaingia Bi Salhiya.

Alikuja bila taarifa, kama wanavyokuja wanaokagua. Mwanamke mrefu, fimbo ya mpingo, mpwa wake Bashira nyuma yake kambebea pochi. Shangazi wa bi harusi hutangulia kuionja halua kabla haijafungwa. Bwana Ghanim alitarajia ataletewa kidogo nyumbani, si aje mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Salhiya," tulisema mimi na Reem, aliyekuwa ngazini na kikapu mkononi.

"Marahaba. Ghanim, nimekuja kuona inavyoendelea. Marehemu mama akisema halua ya hapa utamu wake ni mikono ya Msabah. Yuko?"

"Yuko, yuko! Karibu, kaa penye ubaridi!"

Na mkono ukaenda. Nilishuhudia. Nadhani yeye mwenyewe hakuwa na habari nao. Sinia likapanda, likakaa kidirishani, na jikoni nikasikia Mzee Msabah anaruka kutoka kwenye kibao: ko, ko, ko.

Nikanyanyuka. Reem alikuwa ameshafika, akanikamata mkono wa baibui.

"Mwache," alininong'oneza.

"Itapoa!"

"Mwache yeye."

Nikakaa. Nilikaa kama mtu aliyekalia pini.

Kengele ikalia.

"Nini hicho?" aliuliza Bi Salhiya.

Bwana Ghanim alifungua kinywa. Nilijua saa ya jirani inakuja. Akamtazama Bi Salhiya, akalitazama sinia, halafu akamtazama binti yake aliyesimama na kikapu, asiyemwonyesha hata uso wa kumwomba. Kengele inalia. Nyuma ya shaba ile moto ulikuwa umeshafungwa, na lozi zote zile zinangojea.

"Ni mashine," alisema Bwana Ghanim.

Akalishusha sinia kwa mikono miwili. "Reem! Washa gesi!"

Reem alikwishafika kwenye kisanduku kabla jina lake halijaisha. Nilikiwekea kitufe kwa makusudi, moto usijirudie wenyewe bila mtu. Akabonyeza. Taa ya kijani, kengele kimya, na jikoni moto ukasema hufff chini ya sufuria.

Bi Salhiya alikuwa ameshasogea kidirishani. Mle ndani mota inazunguka kwa raha zake, halua inajikunja na kujikunjua kama hariri, na pembeni yake kasimama Mzee Msabah, mwiko mkavu mkono mmoja, bakuli la maji mkono wa pili, matone yanamdondoka kidevuni.

"Msabah," alisema Bi Salhiya. "Unatawadha?"

"Hapana, bibi."

"Unafanya nini?"

"Nnatoka jasho, bibi."

Bashira akajifunika mdomo kwa pochi ya shangazi yake.

Bi Salhiya alimgeukia Bwana Ghanim, fimbo mbele. "Hii inasonga tangu lini?"

"Tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi ndogo," alisema Bwana Ghanim, kanyooka kama yuko mbele ya hakimu. "Ni mashine ya binti yangu. Kaitafuta yeye, na fundi wake ni huyu. Nilikuwa naificha. Kosa si la mashine wala la binti. Ukitaka kuikataa halua, ikatae kwangu."

"Na ile uliyotuletea Mfunguo Tatu, Idi kubwa?"

"Ya mashine."

Bi Salhiya akaihamishia fimbo mkono wa pili.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Salhiya. "Nilimwambia Bashira, Bashira si uko hapa? Nilikwambia nini?"

"Ulisema mwaka huu halua haina chumvi, shangazi."

"Haina chumvi! Miaka yote nnakula halua ya nyumba hii, nzuri, sina neno, lakini nnajua nnakula na jasho la Msabah. Nilimwona nikiwa msichana, sinia lilianguka. Anasonga, jasho linaingia, linaingia, hafuti. Nikanyamaza. Mama aliipenda, ningesema nini?"

Mzee Msabah aliliweka bakuli chini kwa hasira. "Jasho langu ni la halali, Bi Salhiya!"

"La halali, babu. Lakini si la kula."

Bwana Ghanim alikaa kwenye kiti bila kukiangalia kama kipo. Reem alimtia samli Mzee Msabah mkononi, maana wakati wa samli ulikuwa umefika na halua haingoji aliyenuna, naye akaenda kuitia huku ananung'unika kwamba tangu lini watu wakaanza kuchagua chumvi.

Sufuria la mwisho likatoka laini, halina bonge hata moja. Bi Salhiya akaonja, akafumba macho, akasema "Fungeni," akaondoka na manukato yake.

Ningependa kusema mashine haikuzima tena siku ile. Ilizima. Bashira alikuwa ameshawaambia watu kabla hajamaliza kichochoro, na mara wakaja: mwenye duka la vitambaa, mwalimu wa madrasa, watoto wa jirani, mpaka bwana wa sumaku za friji. Wote wanataka kuona halua inavyojisonga. Reem alikuwa ameweka sufuria dogo la wateja wa jioni. Bwana Ghanim, aliyeificha mashine ile kama ugonjwa, akawa ndiye mwenyeji wake. "Sogeeni, sogeeni! Tazameni mwiko! Unapima joto wenyewe!" Wakasogea. Vichwa vikajaa kidirishani, vilemba, mitandio, mtoto mmoja kakalia bega la mwenzake.

Kengele ikalia.

"Sinia liko chini!" alipiga kelele Bwana Ghanim. "Bi Kazija, naapa, liko chini!"

"Vichwa," nikamwambia. "Mwili wa mtu ni maji, na redio haipiti kwenye maji. Umeziba kwa watu badala ya shaba."

"Tokeni kidirishani!" akawavamia kwa kanzu yake. "Tokeni, mnaizuia kusema! Reem, washa!"

Reem akawasha. Watu wakarudi nyuma, halafu wakaanza kunyemelea tena, mmoja mmoja, kama kuku. Bwana Ghanim akaona haitawezekana.

"Bi Kazija," alisema, anahema. "Ule waya wako."

"Mweusi au mweupe? Kuna mweupe wa rangi ya chokaa, hauonekani."

"Mwekundu," alisema. "Upite juu ya vichwa vyao. Acha waulize wa nini."

Jioni, vikapu vya harusi vimeshachukuliwa, nilikuwa nakusanya bisibisi zangu. Bwana Ghanim alisimama, akajinyoosha mgongo, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu. Nilidhani atasema maneno. Watu wa umri wake wanapenda maneno. Akamrushia Reem ufunguo kutoka kule mlangoni, ufunguo mrefu wa chuma kama wa bandari, naye akaudaka kwa kikapu.

"Funga vizuri," alisema. "Mlango wa chini unang'ang'ania. Uinue kidogo kwanza."

"Nnajua, baba."

"Unajua. Haya, tuone."

Akatoka akasimama kichochoroni, mikono nyuma, anangojea binti yake afunge duka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika sinia. Analipeleka nyumbani, aliniambia. Tangu mama yake afe hajanywa chai iliyoletwa juu ya sinia hilo.

Nami nikarudi Jang'ombe, nina kikapu cha halua na njaa. Mume wangu alikuwa amepika vibua mwenyewe, bila kuambiwa. Upande mmoja vilikuwa vizuri sana.